Je, Wajua? Badiliko Dogo Lililozima Tovuti Kubwa Duniani

Juni 8, 2021, mteja mmoja alibadilisha mpangilio wa akaunti yake. Hakukosea chochote. Muda si muda, New York Times, Guardian, Reddit na hata tovuti ya serikali ya Uingereza zikazimika kwa pamoja.

Zote zilitegemea kampuni moja ya kusambaza maudhui, Fastly. Hitilafu ilikuwa imejificha tangu Mei 12 ndani ya programu mpya ya kampuni hiyo, na badiliko lile likaiamsha. Asilimia 85 ya mtandao wake ikarudisha ujumbe wa kosa. Ndani ya dakika 49, asilimia 95 ilikuwa imerejea. Waandishi wa tovuti ya habari ya The Verge, iliyozimika pia, hawakukaa kusubiri: walihamishia habari zao kwenye Google Docs, wakasahau kufunga hati, na wasomaji wakaanza kuihariri.

Ndiyo maana mwenye tovuti makini huuliza mapema atahamia wapi msambazaji wake akikwama.

Swali jingine zito ni umbali kati ya seva na msomaji. Kampuni za kusambaza maudhui huweka nakala za picha, video na kurasa kwenye seva zilizo jirani na msomaji. Netflix nayo huwapa bure seva zake watoa huduma za intaneti wenye watazamaji wengi. Nchini Kenya, mawasiliano ya intaneti yanayohudumiwa humo humo nchini yalipanda kutoka takriban asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70 mwaka 2020.