Kunywea, Kupenyeza na Kuota: Juu ya Istilahi ya Upenyaji wa Kapilari

Mtu wa Kitomanga, katika Mkoa wa Lindi, akiona ukuta wake wa udongo umelowa chini hali paa halivuji, hahitaji kufundishwa lililotokea. Husema kwamba ukuta umekunywa maji. Msemo huu ni wa kila siku, nao waeleza jambo hilo kwa usahihi kuliko istilahi nyingi za wafasiri wa sayansi.

Jambo lenyewe ni hili. Maji yakigusa kitu chenye vitundu vyembamba, hushikamana na kuta za vitundu hivyo, na mvutano wa uso wake huyainua pasipo kusukumwa. Kadiri kitundu kinavyozidi wembamba, ndivyo maji yanavyozidi kupanda: katika mrija safi wa kioo wenye upana wa milimita 1 hupanda kiasi cha sentimita 3, na katika ule wa milimita 0.1, kiasi cha sentimita 30. Ndivyo yapandavyo mafuta katika utambi wa koroboi. Wataalamu wa Ulaya walilipa jambo hili jina kutokana na neno la Kilatini capillus, yaani unywele, nasi tukapata kapilari. Kufanana kwa sauti kati ya unywele na kunywea ni bahati tu. Asili zake ni mbalimbali.

Taabu huanza pale neno kapilari linapotumika pia kwa mishipa ya damu iliyo midogo kabisa. Mfano mzuri watoka katika matumbawe. Kilwa Kisiwani, kama kwingineko pwani, majengo ya kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na matumbawe ya jamii ya Porites yalipendwa na wachongaji kwa kuwa ni laini yanapotolewa baharini. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan walieleza namna ya kuyageuza matumbawe yawe madini yafananayo na ya mfupa. Tangu hapo madaktari wa upasuaji wameyatumia kuziba mapengo ya mifupa, kwa sababu vitundu vyake vimeungana.

Ndani ya kipande hicho hutokea mambo mawili. Kwanza damu huingia vitunduni kwa tabia ya wembamba wake. Kisha, kwa siku na majuma, mishipa mipya huota humo. Mfasiri akiyaita yote mawili "upenyaji wa kapilari", msomaji hatajua kilichoingia: ni damu iliyopanda kwa njia ya kapilari, au ni mishipa iitwayo kapilari? Tofauti hiyo si ndogo. Kipande chaweza kujaa damu upesi na bado kisiwe na mshipa hata mmoja ulio hai. Na chembe hai zilizo mbali na mshipa kupita kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.2 aghalabu hufa kwa kukosa oksijeni.

Liko na jambo la tatu. Alumini iliyoyeyushwa hailowanishi kwa urahisi kauri nyingi. Basi mara nyingi husukumwa ndani kwa shinikizo. Hapa kitenzi cha kusababisha, kupenyeza, chafaa sana, kwa maana chadokeza mtendaji wa nje. Kufyonza na kunyonya havifai kwa lile la kwanza, kwa sababu vyadhani kinywa kivutacho.

Hivyo basi yapendekezwa mgawanyo huu: kunywea kwa kiowevu kiingiacho chenyewe, kupenyeza kwa kile kisukumwacho, na kuota kwa mishipa. Yaweza kusemwa kwamba kunywea kuna maana nyingine pia, ya kukonda na kusinyaa. Ni kweli, lakini nomino mnyweo yaweza kuwekewa mpaka, hali unywaji umekwisha kutekwa na habari za pombe.

Neno huongoza mkono. Fundi aliyeambiwa kwamba ukuta wa kale "unavuja" atatengeneza paa, kisha apige lipu ya saruji. Saruji huzuia ukuta usipumue. Maji hupanda juu zaidi, na chumvi yake huganda na kuvunjavunja chokaa. Aliyeambiwa kwamba ukuta "umekunywa" atatazama msingi.