Manowari ya Sayyid Barghash: Nguvu au Pambo?

Kimbunga cha mwaka 1872 (1289 Hijria) kiliangamiza meli za Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Akaagiza nyingine kwa William Denny, huko Dumbarton, Scotland. Ikakamilika mwaka 1878, ikaitwa Glasgow. Ilikusudiwa kazi mbili: kuwa manowari ya dola na chombo cha safari za Sultani. Ndani ilipambwa kifalme, lakini mizinga yake ilikuwa saba tu, tena midogo.

Mtihani ulikuja tarehe 27 Agosti 1896 (Mfungo Sita 1314). Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kutoka kasrini, manowari za Waingereza zilipiga mizinga. Glasgow ikajibu, ikazamishwa bandarini. Vita havikutimiza saa moja. Milingoti yake ilibaki juu ya maji hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.

Ndugu msomaji, kanuni ya mafaqihi ni kuwa uendeshaji wa mtawala kwa raia hufungamana na maslaha yao. Mabaharia wale hawana lawama. Walipigana kwa walichopewa. Swali ni la aliyeagiza: je, alinunua ngao ya raia, au pambo la ufalme?