Je, Wajua? Joto na Mbegu ya Ngano

Je, wajua kwamba ngano huota vyema zaidi udongo ukiwa na nyuzijoto 20 hadi 25? Chini ya 4 karibu haiamki. Joto likipita 35, nyingi hugoma hata maji yakiwepo.

Je, wajua kwamba mbegu huanza kwa kunywa? Hufyonza maji yanayokaribia nusu ya uzito wake ndipo kiinitete kiamke na vimeng'enya vianze kugeuza wanga kuwa sukari.

Je, wajua kwamba mbegu iliyovunwa karibuni ndiyo huogopa joto zaidi? Ikiwa bado bwete, hukataa kuota kwenye nyuzi 30, lakini kwenye 10 au 15 huota bila shida. Aina za punje nyekundu kwa kawaida hulala zaidi kuliko nyeupe. Maabara za mbegu huziweka kwanza kwenye ubaridi siku kadhaa, kisha huzipima kwenye nyuzi 20. Inauma kuona mbegu nzuri ikitupwa kwa kudhaniwa imekufa, kumbe imelala tu!

Je, wajua kwamba joto lililompata mama humfuata mtoto? Suke likikomaa kwenye joto kali, punje zake hulala kidogo. Mvua ikinyesha kabla ya mavuno, huota palepale sukeni.

Je, wajua kwamba ufupi wa ngano una gharama yake? Norman Borlaug, mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 1970, alitumia jeni za Norin 10, ngano ya Japani ya mwaka 1935, kuzalisha aina fupi zisizoangushwa na upepo. Zililisha mamilioni. Lakini jeni hizo hufupisha pia koleoptili, ala inayolifunika jani la kwanza linapopenya udongo, na udongo wa moto huifupisha zaidi. Mkulima anayefukia mbegu sentimita 10 akifuata unyevu hulikuta jani limetoka kwenye ala likiwa bado chini, limejikunja na kufa. Ndiyo maana watafiti wa Australia wanajaribu jeni nyingine ya ufupi, Rht18, inayoiacha koleoptili iwe ndefu.

Je, wajua kwamba wakulima wa Gezira, Sudan, hupanda ngano Novemba, joto linapoanza kupungua?

Na wewe unaweza kupima: viringisha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, hesabu zilizoota siku ya 8.