Je, Wajua? Singe ya Babu Ina Mwezi na Mwaka Wake

Je, wajua kwamba singe iliyopigwa chapa ya 1907 huenda ilitengenezwa mwaka 1917? Hapa ndipo wengi hujikwaa. 1907 ni jina la muundo: ile singe ndefu ya bunduki ya Lee-Enfield, bapa lake karibu sentimita 43. Tarehe yenyewe iko chini yake kwa tarakimu ndogo, mwezi kwanza halafu mwaka. 5 17 ni Mei 1917. Juu kuna taji na herufi za mfalme: ER ni Edward, aliyefariki mwaka 1910, GR ni George. Kiwanda nacho kimejitaja, kama vile Wilkinson, Sanderson au Chapman, na RFI ni kiwanda cha Ishapore, India. Geuza upande wa pili. Alama ya X inathibitisha kwamba bapa lilipindwa kwa majaribio likarudi kunyooka, na mshale mpana ni wa mali ya serikali ya Uingereza.

Je, wajua kwa nini chuma hicho kinaweza kuonekana Kyebando, mtaa wa Kampala, kwenye boksi la marehemu mzee au kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu? Batalioni ya 4 ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, ndiyo iliyokuwa ya Uganda, na kambi yake ya zamani ilikuwa Bombo, kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kampala. KAR iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, katika Divisheni ya 11, walikuwa wanapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma. Wengi wao hawakuacha hata picha. Kwa baadhi ya familia, kipande kama hiki ndiyo hati pekee iliyobaki.

Kwa hiyo usikisugue! Msasa haufai, brashi ya waya haifai, na ukikipeleka kwa mafundi wa Katwe wakakipitisha kwenye grainda, mwezi na mwaka vitaondoka na cheche. Kitambaa laini na tone la mafuta ya mashine vinatosha. Alama zikiwa hafifu, zima taa, mulika tochi ya simu kwa ubavu, kivuli kitajaa ndani ya herufi. Ndipo upige picha.

Namba iliyo kichwani mwa mpini? Mara nyingi ni ya kikosi na ya silaha yenyewe. Usiitafute kama namba ya askari.

Je, wajua kwamba tundu dogo mpinini ni saa? Singe za mwanzo za muundo wa 1907 zilikuwa na ndoano kwenye kikingio, ikaachwa mwaka 1913. Tundu la kutolea uchafu likaongezwa mwaka 1916. Lakini ndoano nyingi zilikatwa na matundu kutobolewa baadaye, katika karakana za jeshi. Basi ndoano ikiwapo ni ushahidi wa umri. Ikikosekana, bado hujathibitisha lolote. Hata bapa fupi la sentimita 30 si lazima liwe kazi ya mhunzi wa mtaani, kwani India ilizifupisha singe hizi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Singe ya Mjerumani wa enzi ya Kaizari isome mgongoni. Taji, W, na tarakimu mbili: 15 ni 1915.

Je, wajua kwamba KA-BAR haihusiani na KAR? Ni chapa ya kisu cha Kimarekani kilichokubaliwa na kikosi cha Marines cha Marekani mwaka 1942.

Na lile jambia jembamba la makomando, Fairbairn-Sykes? Lilibuniwa na Waingereza wawili waliowahi kuwa polisi Shanghai, likaanza kutengenezwa na Wilkinson mwaka 1941. Mpini wenye pete nyingi ni wa kuanzia 1943. Limeigwa mno, na neno ENGLAND kwenye kikingio mara nyingi huonyesha kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya soko baada ya vita. Askari wa kawaida wa KAR alikuwa na singe yake, ukiuziwa jambia hili kwa maelezo ya “kisu cha KAR”, omba ushahidi.

Kisu kifupi chenye tundu kwenye bapa ni cha bunduki ya AKM, ya Kisovieti, ya mwaka 1959. Tundu hilo hushikana na kijiti cha kwenye ala vikawa mkasi wa kukatia waya. Jeshi la Idi Amin lilipewa silaha za Kisovieti. Wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979 walikuwa na za Kichina pia, na bunduki ya Type 56 ya Kichina ina singe ya msumari inayokunjwa chini ya mtutu, isiyochomolewa kama kisu.

Je, wajua kwamba skrubu inaweza kumuumbua mwuzaji? Skrubu ya kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913. Akikuletea kisu kinachometameta, chenye skrubu ya msalaba, akasema ni cha mwaka 1914, mrudishie.

Ukitaka jicho la pili, Jumba la Makumbusho la Uganda liko Kitante, barabara ya Kira, si mbali na Kyebando. Nenda kwanza na picha za chapa zote, ala ikiwemo.