Kutoka Kilimani hadi Bonde la Ipogolo: Mandhari katika Historia ya Kampasi za Vyuo Vikuu Mkoani Iringa

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Dar es Salaam au Mbeya kwa barabara kuu ya TANZAM huifikia Ipogolo kabla ya kuingia Iringa mjini. Ipogolo ipo bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na mji upo juu ya mteremko mkali, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Vyuo vikuu vya Iringa vimejengwa huko juu. Tafiti za usanifu wa vyuo kwa kawaida huanza na majengo: nani aliyachora, yalijengwa kwa nini na kwa mtindo gani. Makala haya yanaanza na ardhi. Hoja kuu ni kwamba, katika Iringa, matumizi ya majengo yamebadilika mara kadhaa ndani ya nusu karne, ilhali mpangilio wa eneo umedumu. Kwa hiyo mandhari ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya historia ya kampasi, na uharibifu wake huwafikia hata wasiosoma chuoni.

2.0 Chimbuko la Dhana ya Kampasi

Neno "kampasi" lina asili ya Kilatini, kwa maana ya uwanja. Lilianza kutumika kwa viunga vya chuo huko Princeton, Marekani, katika karne ya 18. Vyuo vya zamani vya Oxford vilijifungia ndani ya nyua zilizozungukwa na majengo pande zote nne. Vyuo vya Marekani vilisimamisha majengo mbalimbali katika uwanja ulio wazi. Thomas Jefferson, aliyeasisi Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1819, aliyapanga makazi ya walimu na wanafunzi pande mbili za uwanja wa nyasi, mithili ya kijiji cha wasomi. Tangu hapo nafasi iliyo wazi kati ya majengo ikawa sehemu ya usanifu wenyewe.

Dhana hiyo iliingia Afrika ya Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Tume ya Asquith, iliyotoa ripoti yake mwaka 1945, ilipendekeza vyuo vya makoloni viwe vya bweni. Pendekezo hilo lilikuwa la kielimu, lakini matokeo yake yalikuwa ya ardhi: chuo cha bweni kinahitaji mabweni, bwalo, viwanja vya michezo na nyumba za wahadhiri mahali pamoja, na eneo kubwa kiasi hicho lilipatikana kwa urahisi nje ya mji.

3.0 Chuo Kilimani

Katika Afrika Mashariki, eneo hilo mara nyingi lilikuwa kilima. Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, ilijengwa juu ya kilima cha jina hilo mjini Kampala. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kati ya maduka na ofisi, kisha mwaka 1964 kikahamia kilimani nje ya mji. Mpango wa kampasi ulichorwa na kampuni ya Uingereza ya Norman and Dawbarn, ambayo pia ilifanya kazi katika kampasi ya Mona, Jamaika. Jina la mahali likawa jina la chuo. Hadi leo Mtanzania akisema "Mlimani" huwa anataja chuo kikuu. Ukumbi wa Nkrumah ulifika hata kwenye noti ya shilingi 500.

Usanifu wa Mlimani ulijibu joto na unyevu wa pwani. Majengo membamba yenye madirisha pande mbili hupitisha upepo, na vivuli vya zege huzuia jua. Umbali kati ya majengo una kazi mbili: kuleta hewa na kutenga wasomi na mji. Kazi ya kwanza inatokana na tabianchi, na ya pili inatokana na mtazamo kuhusu elimu. Yeyote anayeiga Mlimani sharti atofautishe mambo hayo mawili.

4.0 Mkwawa: Eneo Moja, Taasisi Kadhaa

Mfano wa Iringa unaobeba historia nzito zaidi ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Eneo lake lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama Shule ya St. Michael and St. George, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyorithi Shule ya Wazungu ya Kongwa iliyozaliwa na mradi wa karanga. Baada ya uhuru, shule hiyo iliyojengwa kwa ubaguzi wa rangi ikawa sekondari ya Waafrika na kupewa jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898. Eneo hilo lilitumika baadaye kwa mafunzo ya ualimu, na mwaka 2005 likawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati taifa likihitaji walimu wengi wa sekondari.

Mabadiliko hayo yaligeuza maana ya eneo bila kulibomoa. Hata hivyo, eneo lililokusudiwa watoto wachache, wenye viwanja vipana, lilitakiwa kuhudumia mihadhara ya mamia ya wanafunzi. Katika hali kama hiyo uwanja huonekana kuwa akiba ya kujengea, kwa sababu hauna paa wala hauingizwi katika hesabu ya vyumba. Shinikizo la namna hiyo linavikabili pia vyuo vingine vya mji: Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanza mwaka 1994 chini ya Kanisa la Kilutheri, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, kilichoanza mwaka 2005.

5.0 Jua, Mawe na Maji

Mandhari ya Iringa yana masharti yake. La kwanza ni jua. Mwezi Juni, wakati wa baridi, jua la adhuhuri huwa takribani nyuzi 31 kaskazini mwa utosi. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata joto hilo. Veranda pana upande huo, iliyo faraja Dar es Salaam, hapa huwanyima wasomaji joto wanalolihitaji.

La pili ni mawe. Jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe humaanisha jiwe linaloongea, linaonyesha kwamba wenyeji waliyapa majabali maana kabla ya msanifu yeyote kuchora ramani. Kupasua jabali ili kusawazisha kiwanja ni kufuta alama ambayo bustani haiwezi kuirudisha.

La tatu, na zito zaidi, ni maji. Mvua za Iringa huja katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, baada ya miezi ya ukame inayoiacha ardhi ikiwa ngumu. Nyasi na miti hupunguza kasi ya maji na kuyapa muda wa kuzama. Paa, lami na zege huyasukuma chini, na miteremko inayoelekea Ipogolo huyafikisha kwenye makazi na kwenye Ruaha Mdogo, unaoingia Ruaha Mkuu kabla ya Bwawa la Mtera. Nguvu za maji haya zinaonekana Isimila, kusini-magharibi mwa Ipogolo, ambako mmomonyoko umechonga udongo kuwa nguzo ndefu. Huko ni kivutio; chini ya msingi wa nyumba ni hatari.

6.0 Hitimisho

Historia ya kampasi za Iringa inaonyesha kuwa majengo yanaweza kubadilishiwa jina, wenyewe na kusudi, lakini uwanja uliokwisha kujengwa ni vigumu kuurudisha. Mpango kabambe wa chuo chochote mjini humo unapaswa kupimwa kwa maswali matatu: jua la Juni linaingia wapi, mawe gani yanaachwa, na maji ya paa yanaishia kwa nani. Swali la mwisho haliwezi kujibiwa na mtu aliyesimama kilimani peke yake. Mtafiti anayetaka jibu lake ateremke hadi Ipogolo wakati wa mvua.