DAMU KATIKA MKOJO: UFAFANUZI KUHUSU SARATANI YA KIBOFU NA NJIA ZA KUTAFUTA TIBA

(Kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba)

Wananchi wanakumbushwa kwamba damu katika mkojo wa mtu mzima si jambo la kawaida, hata ikionekana mara moja tu, na hata isipoambatana na maumivu yoyote. Watu wengi huona haya kulisema jambo hili, na wengine hulisoma kwa siri katika simu zao kisha wakanunua dawa bila ya kuonana na daktari. Makala haya yanaeleza saratani ya kibofu cha mkojo ni maradhi gani, kwa nini hapa kwetu huchanganywa na kichocho, na mtandao wa intaneti una faida gani na mipaka gani kwa mwenye kutafuta tiba.

Maradhi yenyewe

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo, unaohifadhi mkojo unaoshuka kutoka kwenye figo. Ndani yake kuna utando mwembamba, na saratani huanza mara nyingi katika utando huo. Ikiwa imegunduliwa kabla ya kupenya kwenye misuli, huweza kuondolewa na kibofu kikabaki mahali pake. Ikishapenya, tiba huwa nzito zaidi na matumaini ya kupona hupungua. Ndiyo sababu muda una thamani kubwa katika maradhi haya.

Mwaka 2022 watu zaidi ya 600,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii. Wanaume walikuwa zaidi ya mara tatu ya wanawake. Hata hivyo, mwanamke asijione yu salama. Damu yake mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ya hedhi au ya maambukizi ya njia ya mkojo, hivyo huchelewa zaidi kuchunguzwa.

Mambo yanayojulikana kuisababisha ni haya:

(a) Uvutaji wa tumbaku. Takriban nusu ya wagonjwa duniani wameipata kwa sababu hii. Sumu ya moshi huingia katika damu, huchujwa na figo, kisha hukaa ndani ya kibofu pamoja na mkojo.

(b) Kichocho cha mkojo kilichodumu kwa miaka mingi. Mayai ya mdudu wake hukwama katika ukuta wa kibofu na kuuletea uvimbe usiokwisha. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mdudu huyu katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

(c) Baadhi ya kemikali za viwandani, hasa za rangi na mpira. Jambo hili lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1895 na daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alipoona uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi.

Kichocho na saratani visichanganywe

Wakaazi wa visiwa vyetu wanakijua kichocho tangu utotoni. Konokono wanaokibeba huishi katika mabwawa na vijito vya maji baridi, na watoto walioga na kucheza humo vizazi kwa vizazi. Kwa mazoea hayo, mtoto wa kiume kukojoa damu lilionekana kuwa jambo la kupita, na mtu mzima akiiona damu husema, "Ni kichocho changu cha zamani."

Kauli hiyo leo ina hatari, kwa sababu mbili. Kwanza, kichocho kimepungua sana. Kati ya mwaka 2012 na 2017 uliendeshwa mpango mkubwa wa kukitokomeza, na matokeo yake yalifuatiliwa katika shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba, kwa kugawa dawa majumbani na maskulini, kuwaua konokono na kutoa elimu. Kadiri kichocho kinavyopungua, ndivyo damu katika mkojo wa mtu mzima inavyozidi kuwa na uwezekano wa kutokana na sababu nyingine. Pili, mtu aliyekuwa nacho kwa muda mrefu alipokuwa mtoto ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo. Haiondoi saratani iliyokwishaanza.

Zaidi ya hayo, damu ya saratani ina tabia ya kutoka siku moja au mbili, kisha ikakatika yenyewe kwa wiki au miezi. Mgonjwa aliyemeza vidonge katika siku hizo huamini kuwa vidonge ndivyo vilivyomponya, kumbe maradhi yanaendelea. Kukatika kwa damu kusichukuliwe kuwa ni kupona. Dalili nyingine ni kwenda haja ndogo mara kwa mara, kuungua wakati wa kukojoa, na maumivu ya kiuno au ya chini ya kitovu.

Hatua za uchunguzi

1. Mwenye dalili aanze katika kituo cha afya kilicho karibu. Mkojo wa kutafutia mayai ya kichocho hufaa zaidi ukitolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani huo ndio wakati mayai hutoka kwa wingi.

2. Hata mayai yakionekana, mtu mzima amuulize daktari iwapo anahitaji uchunguzi zaidi. Damu ikirudi baada ya dawa, asikubali kurejea kwenye vidonge vile vile bila ya kuchunguzwa kibofu.

3. Hospitalini hupigwa picha ya altrasaundi. Uchunguzi wa uhakika ni wa kupitisha kamera nyembamba katika njia ya mkojo ili daktari akione kibofu kwa ndani, na kukata kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Majibu ya kipande hicho ndiyo yanayoamua tiba.

Tiba hutegemea kiwango cha maradhi. Uvimbe wa juu juu hukwanguliwa kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo, bila ya kupasua tumbo. Baadaye baadhi ya wagonjwa huingiziwa ndani ya kibofu, kwa mpira wa mkojo, vijidudu vilivyodhoofishwa vya chanjo ya kifua kikuu ya BCG, ili kuuamsha mwili upambane na saratani. Tiba hii ilielezwa mwaka 1976 na daktari Alvaro Morales na wenzake nchini Kanada, na inatumika hadi leo. Saratani iliyopenya misuli huhitaji kuondoa kibofu, dawa za saratani au mionzi. Tiba ya mionzi na ya dawa hutolewa, pamoja na kwengineko, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa kuwa saratani hii ina tabia ya kurudi, mgonjwa hutakiwa kuangaliwa tena kwa kamera, kwa kawaida kuanzia mwezi wa 3 baada ya kukwanguliwa.

Kutafuta ushauri kwa njia ya mtandao

Mtandao una manufaa yake. Mtu aliye Micheweni au Makunduchi anaweza kujifunza dalili, kupanga maswali ya kumuuliza daktari, na kupata maoni ya daktari bingwa aliye mbali kabla ya kuingia gharama za safari. Lakini hakuna simu inayoweza kuona ndani ya kibofu. Ushauri wa mtandaoni hufaa baada ya uchunguzi, haufai kuwa badala yake. Kwa hiyo inashauriwa:

(a) Mgonjwa awe na nakala ya majibu ya maabara, ya picha na ya maelezo ya upasuaji. Bila ya hayo, daktari wa mbali hana la kushauri.

(b) Aulize jina kamili la daktari, hospitali anayofanyia kazi na baraza lililomsajili, kisha athibitishe mwenyewe kwa kuwasiliana na hospitali hiyo.

(c) Asitume fedha kwa mtu anayeahidi kuponya saratani bila ya kuyaona majibu ya maabara.

(d) Asinunue dawa za mitishamba zisizotajwa vilivyomo. Mimea ya jamii ya Aristolochia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za asili zinazouzwa duniani, imethibitika kuharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo.

(e) Asiweke majibu yake katika makundi ya simu. Siri ya mgonjwa ikishatoka hairudi.

(f) Maelekezo yoyote atakayopata ayapeleke kwa daktari anayemtibu, ili tiba isimamiwe na mtu mmoja.

Wakuu wa sehemu za kazi nao wana wajibu. Mtumishi anayeomba ruhusa ya kwenda hospitali asilazimishwe kueleza maradhi yake mbele ya wenzake. Wapo wanaoacha kwenda kwa kuogopa swali hilo tu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kuona damu leo asingoje aione mara ya pili. Aende kituo cha afya aseme wazi alichokiona. Na mvutaji wa sigara aliyesoma hadi hapa, aiache sasa, kwani kila mwaka unaopita baada ya kuacha humpunguzia hatari.