Mabewa ya Mlimani: Rekodi za Vyuo Vikuu vya Meru na Embu

Jengo la chuo linalotambulika kuliko yote Afrika Mashariki huenda ni Ukumbi wa Nkrumah, Dar es Salaam. Picha yake ilichapishwa kwenye noti ya shilingi 500, na bewa lake la Mlimani lilichorwa miaka ya 1960 na kampuni ya Kiingereza, Norman & Dawbarn, iliyokuwa tayari imechora Chuo Kikuu cha West Indies kule Mona, Jamaika. Meru na Embu hazina sifa ya aina hiyo. Huku vyuo vikuu vilikuja kuishi katika nyumba za watu wengine: misheni, shamba la serikali, ardhi ya wazee. Rekodi zipo, ila hazihesabiwi kwa orofa.

Tuanze na umri, maana ndipo ubishi ulipo. Kwa hati, mkubwa wao ni Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, KeMU, kilichoanza 1997 na kupata hati kamili Juni 2006. Askofu Lawi Imathiu, aliyeliongoza kanisa hilo kwa miaka mingi, ndiye anayetajwa kwanza kila historia yake inaposimuliwa. Lakini Kaaga yenyewe, kilipo chuo, ni kituo cha Wamethodisti tangu 1912. Makerere ilikuwa haijazaliwa, ilianza 1922. Watu wa Embu watadai taji hilo ni lao, kwa sababu misheni ya Kianglikana ya Kigari ilifunguliwa 1910 na mpaka leo inafundisha walimu katika Chuo cha Mtakatifu Marko. Mimi ningewapa Kigari ushindi wa ardhi iliyosomesha kwa muda mrefu zaidi, na KeMU ushindi wa chuo kikuu. Wasioridhika wakutane Chuka, ni nusu ya njia.

Ramani ya misheni ilikuwa karibu ile ile kila mahali: kanisa, shule, zahanati na nyumba ya mmisionari vimetawanyika kuzunguka uwanja wa nyasi, kila kimoja umbali wa kutembea bila kuhema, na njia ya kuingilia imepandwa miti pande mbili. Ukiifikiria, hiyo ni ramani ya chuo kikuu kabla ya chuo kikuu kufika.

Zawadi kubwa kuliko zote iko Nchiru, Tigania, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimekaa juu ya mamia ya ekari zilizotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ambalo makao yake ya jadi yako papo hapo Nchiru. Kilianza kama Chuo cha Teknolojia cha Meru, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) 2008, kisha chuo kikuu kamili tarehe 1 Machi 2013. Kwingineko ardhi ya chuo ilitoka kwa gavana wa kikoloni, kwa rais, au kwa jeshi: Chuo Kikuu cha Kenyatta kilirithi kambi ya Waingereza ya Templer. Hapa ilitoka kwa wazee, na maabara ya sayansi ikawa jirani wa baraza la kimila.

Nani wa kwanza miongoni mwa vyuo vya umma? Chuka, kwa wiki saba na ushei mbele ya Meru. Kilianza 2004 kama bewa la mashariki la Egerton, ambayo nayo ilizaliwa 1939 ikiwa shule ya kilimo ya Lord Egerton kule Njoro. Hati ya Chuka ina tarehe 8 Januari 2013. Rais Kibaki alikuwa akimalizia muhula wake, na hati zilitoka moja baada ya nyingine. Embu ilisubiri mpaka tarehe 7 Oktoba 2016.

Haraka hiyo ya kutoa hati ilileta mabadiliko makubwa zaidi ya mandhari, nayo yametokea nje ya lango. Nenda Ndagani, kando ya Chuka: majengo ya mawe yenye vyumba vya kupanga yamebanana, ngazi ziko nje, matangi meusi ya maji yamepangwa juu ya paa, na chini kuna kibanda cha chapati na duka la kuchapisha makaratasi. Hakuna msanifu aliyechora mtaa huu, na hakuna aliyeuachia mti wa kivuli. Ukiuliza wanafunzi bewa lao ni lipi, wengi wanalala hapa.

Embu wanashika taji la mashamba. Kabla ya 2011, kilipofanywa chuo kishiriki cha Nairobi, mahali pale palikuwa chuo cha kufundishia maafisa wa kilimo, kilichofahamika kwa kifupi kama EAST. Ndiyo maana mfano wake wa karibu ni Egerton ya mwanzo kuliko Nairobi iliyomlea.

Bewa kame kuliko yote ni Tharaka, kule Gatunga, lililoanza 2017 chini ya Chuka. Mlima unawapa Chuka na Embu mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tharaka bondeni wanapata mabaki. Hapo nyasi za kijani ni ubadhirifu wa maji, na mbuyu una haki zaidi kuliko jakaranda.

Sasa ikweta. Maseno, kule Kisumu, ndiye bingwa wa Kenya, kwani mstari unampitia. Upande huu wa mlima anayeukaribia zaidi huenda ni KeMU. Barabara ya Embu inakata ikweta kati ya Nkubu na mji wa Meru, kwa hiyo Kaaga na Nchiru ziko kaskazini, Chuka na Embu kusini. Kwa mjenzi jambo hili si la watalii. Jua la saa sita huwa utosini Machi na Septemba, likaegemea kaskazini Juni na kusini Desemba, kamwe si zaidi ya nyuzi 24. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini linakingwa na upenu mfupi tu wa paa. Ukuta wa magharibi hauna kinga: jua la saa kumi linaingia likiwa chini, likimpiga mwanafunzi machoni. Mafundi wa zamani walilijua hili. Wakalaza jengo mashariki kwa magharibi, wakaacha kuta za ncha bila madirisha, wakaweka veranda. Wakapaka pia rangi ya hudhurungi sehemu ya chini ya ukuta, hadi usawa wa kiuno, kwa sababu udongo mwekundu wa mlima huruka mvua inapopiga na hautoki ukioshwa. Vioo virefu vinavyotazama magharibi, vinavyoletwa siku hizi kwa jina la usasa, havistahili rekodi yoyote isipokuwa ya bili ya feni.

Mti ulio nyumbani kuliko yote ni muuru, *Vitex keniensis*, unaomea kwenye miteremko hii ya mlima na ambao mbao zake zimetengeneza samani nzuri za nchi hii. Mukima ulitoka Australia, jakaranda Amerika Kusini, na ndiyo iliyojaa kando ya njia.

Wenye kamati za ujenzi, kabla ya kumwita mkandarasi mwiteni msanifu asimame kiwanjani saa kumi alasiri, aone jua linapiga kutoka upande gani. Na siku ya mahafali, mgeni rasmi akishapewa jembe, mpeni apande muuru.